Kukimbia au kupasi: Namna makocha wa futiboli ya Marekani wanavyofunza uamuzi wa sekunde mbili

WAHENGA walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Katika futiboli ya Marekani, methali hiyo imegeuzwa kuwa silaha. Kocha wa ushambulizi humtafuta mlinzi mmoja aliyebebeshwa kazi mbili, akamlazimisha kuchagua moja, kisha mpira ukapelekwa kule alikokuacha wazi.

Mtindo huo huitwa hiari ya kukimbia au kupasi, na Wamarekani huufupisha kwa herufi tatu, RPO. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa umeenea kutoka viwanja vya shule za sekondari hadi ligi ya kulipwa ya NFL.

Msomaji wa Lamu, Malindi au Mombasa aliyezoea kandanda huenda akauliza haya yanamhusu vipi. Jibu ni kwamba mnamo Oktoba 16, 2023, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ilikutana mjini Mumbai, India, ikaidhinisha futiboli ya vitambaa kuchezwa katika Olimpiki za Los Angeles mwaka 2028, kwa wanaume na wanawake. Tawi hilo la mchezo halihitaji helmeti wala mavazi ya kujikinga, na linaweza kuchezwa hata ufuoni. Mwalimu wa michezo anayetaka kulianzisha hana budi kuelewa uamuzi huu, kwa kuwa ndio unaowapa wachezaji wepesi nafasi ya kuwashinda wenye misuli.

Mchezo wenyewe kwa muhtasari

Katika futiboli ya Marekani kila upande huwa na wachezaji 11. Uwanja una urefu wa yadi 100, yaani takriban mita 91, mbali na yadi 10 za eneo la kufungia katika kila mwisho. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu, hupewa mengine manne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani.

Mpira husongezwa mbele kwa njia mbili. Mchezaji aweza kuubeba na kukimbia nao, au aweza kuurusha mbele mara moja tu, akiwa bado nyuma ya mstari wa kuanzia. Anayeamua uende wapi ni kwotabeki, ambaye kwa lugha ya pwani tungemwita nahodha wa safu ya ushambulizi. Mbele yake husimama wanaume watano wenye miili mikubwa ambao kazi yao ni kuzuia walinzi. Hao kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi ya mbele.

Kwa desturi, kocha huamua kabla ya jaribio kuanza iwapo timu itakimbia au itapasi. Kuna pia hila ya zamani ambapo kwotabeki hujifanya anampa mkimbiaji mpira, kisha akaurusha. Hiyo si RPO. Katika hila hiyo pasi imeshaamuliwa tangu mwanzo na mbio ni kiinimacho. Katika RPO mbio ni za kweli na pasi ni ya kweli, na hakuna ajuaye ni ipi itakayotumika hadi mlinzi anayesomwa aonyeshe nia yake.

Mlinzi mmoja, kazi mbili

Tuchukue mfano ulio wa kawaida kabisa. Mkimbiaji amesimama kando ya kwotabeki. Mpira unapoanzishwa, watu watano wa mbele wanazuia kana kwamba mbio zimeshaamuliwa. Mkimbiaji anapita mbele ya kwotabeki, naye kwotabeki anauweka mpira tumboni mwake bila kuuachilia. Wakati huohuo mpokeaji aliyesimama upande mmoja anakimbia hatua chache mbele kisha anakata kuelekea katikati.

Macho ya kwotabeki hayako kwa mkimbiaji wala kwa mpokeaji. Yamekazwa kwa lainibeka, mlinzi anayesimama hatua kadhaa nyuma ya safu ya kwanza ya ulinzi. Lainibeka huyo ana kazi mbili: kuwahi mbele kuziba njia ya mkimbiaji, na kurudi nyuma kulinda nafasi anakokatia mpokeaji. Akiruka mbele, kwotabeki huuchomoa mpira na kuurusha nyuma ya mgongo wake. Akibaki nyuma, kwotabeki huuachilia mpira mikononi mwa mkimbiaji, ambaye sasa ana mlinzi mmoja pungufu wa kumkabili.

Siri ya mtindo huu ni hesabu. Kwotabeki anapompa mwenzake mpira, huwa hamzuii mtu yeyote, na mkimbiaji hawezi kujizuilia njia. Kwa hivyo wanabaki washambulizi tisa wa kuzuia walinzi 11. RPO humwacha makusudi mlinzi mmoja asizuiwe na mtu, kisha humshinda kwa macho. Badala ya kumtuma jitu kumsukuma, timu humtumia mpira.

Walinzi wanaoweza kusomwa ni wa ngazi tatu. Kuna wa ukingoni mwa safu ya kwanza, kuna lainibeka wa ngazi ya pili, na kuna mlinzi wa nyuma kabisa. Kadiri anayesomwa anavyosimama mbali, ndivyo pasi inavyokuwa ndefu na ndivyo hatari inavyoongezeka. Zipo pia hiari zinazoamuliwa kabla mpira haujaanzishwa: kwotabeki huhesabu tu walinzi wa pembeni, na akiona ni wachache kuliko wapokeaji, huurusha mpira huko mara moja.

Sheria inayoupa uhai

Mtindo huu usingekuwapo lau sheria zingekuwa kali zaidi kuhusu wale watu watano wa mbele. Kwa kuwa hawajui kama mpira utarushwa, wao huzuia kama kwamba ni mbio, na mbio huwavuta kwenda mbele. Lakini pasi ya mbele ikirushwa ilhali wamesonga mno kupita mstari wa kuanzia, timu yao huadhibiwa.

Kiwango cha ruhusa hutofautiana. Katika NFL ni yadi 1 pekee, yaani sentimita 91 hivi. Katika shule za sekondari za Marekani ni yadi 2, na katika vyuo vikuu ni yadi 3. Ndiyo maana vyuo vikuu vimekuwa bustani ya mtindo huu. Pengo hilo la yadi mbili kati ya chuo na NFL laonekana dogo, lakini kwa mtu wa kilo 140 anayesukuma mbele kwa nguvu zake zote, ni tofauti kati ya kuhesabiwa halali na kupulizwa kipenga. Adhabu katika NFL ni kurudishwa yadi 5.

Ulikotoka

Wazo la kumwacha mlinzi mmoja bila kumzuia, kisha kumsoma, si geni. Katika miaka ya 1960, kocha Bill Yeoman wa Chuo Kikuu cha Houston alijijengea jina kwa ushambulizi ambao kwotabeki humsoma mlinzi na kuamua ampe mkimbiaji mpira au aubakishe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Rich Rodriguez katika chuo kidogo cha Glenville State, West Virginia, aliendeleza kumsoma mlinzi wa ukingoni huku kwotabeki akiwa amesimama mbali kidogo na safu ya mbele. Katika mitindo hiyo, hata hivyo, kwotabeki asipotoa mpira, kwa kawaida hukimbia nao mwenyewe. RPO iliongeza uwezekano wa kuurusha mbele.

Siku ambayo ulimwengu wa futiboli ya vyuo haitaisahau ni Novemba 30, 2013. Auburn ilikuwa nyuma ya mahasimu wao Alabama kwa 28-21. Kwotabeki Nick Marshall alianza kama mtu anayekimbia na mpira kuelekea pembeni. Mlinzi aliyekuwa akimtazama mpokeaji Sammie Coates akaja mbele kumkabili. Marshall akaurusha mpira juu yake, na Coates akafunga kutoka yadi 39 zikiwa zimesalia sekunde 32. Auburn walishinda hatimaye 34-28, baada ya Chris Davis kudaka mkwaju wa Alabama uliopungua nguvu na kukimbia nao uwanja mzima.

Katika NFL, mtindo huu ulivuma zaidi msimu wa 2017. Philadelphia Eagles walimpoteza kwotabeki wao nambari moja, Carson Wentz, aliyeumia goti Desemba mwaka huo. Kocha Doug Pederson alimwingiza Nick Foles, mchezaji wa akiba, na akampa hiari nyingi za aina hii ili mpira utoke mikononi mwake upesi. Mnamo Februari 4, 2018, Eagles waliwalaza New England Patriots 41-33 katika fainali ya Super Bowl, na Foles akatawazwa mchezaji bora wa mechi.

Hatua za kufunza

Kocha mwenye busara haanzi na mpira. Huanza na swali: "Tunamsoma nani?" Kila hiari ina mlinzi mmoja tu anayesomwa. Kwotabeki akipewa wawili, atakuwa yeye ndiye aliyeshika mbili.

Hatua ya kwanza huwa ya kutembea. Wachezaji hupita katika nafasi zao polepole, kocha akisimama mahali pa mlinzi. Akipiga hatua mbele, kwotabeki hutamka "pasi". Akibaki au akirudi nyuma, hutamka "toa". Zoezi hili hurudiwa hadi ulimi na macho viende pamoja.

Hatua ya pili ni makutano ya mikono, pale mpira unapokuwa tumboni mwa mkimbiaji lakini bado umeshikwa na kwotabeki. Hapa ndipo mipira mingi huanguka. Mkimbiaji hufunzwa kuufunika mpira kwa mikono laini, asiubane hadi ausikie umeachiliwa. Kwotabeki naye hufunzwa kutouangalia mpira. Viganja vyake ndivyo vimwambie ulipo, kwa sababu macho yana kazi nyingine.

Hatua ya tatu ni miguu. Kwotabeki anayeutoa mpira akiwa amesimama vibaya hataweza kuurusha akiuchomoa. Kwa hivyo miguu yake lazima iwe tayari kwa pasi hata katika majaribio ambayo mwisho wake ni mbio. Mpokeaji kwa upande wake hupunguziwa safari: hatua chache, kisha kukata. Safari ndefu humaanisha kungoja, na kungoja humaanisha watu watano wa mbele watakuwa wameshavuka kiwango cha sheria. Tangu mpira uanzishwe hadi urushwe, zoezi zima halipaswi kupita sekunde mbili hivi.

Hatua ya nne ni kumpa mlinzi uhuru wa kudanganya. Mwanzoni huonyesha nia yake mapema. Baadaye huichelewesha, hujitia kwenda mbele kisha akarudi, au husimama tu. Hapo ndipo kocha humpa kwotabeki kanuni ya kumwokoa: ukiwa na shaka, mpe mkimbiaji. Mbio zisizozaa matunda hupoteza jaribio moja. Pasi iliyorushwa kwa shaka yaweza kupoteza mpira wenyewe.

Kwa wale watano wa mbele somo ni fupi lakini gumu. Wao hufunzwa kuzuia mbio kila mara bila kugeuka kutazama mpira, na kuzuia kwa ushirikiano wawili wawili kabla ya mmoja wao kumwendea lainibeka. Ushirikiano huo huwachelewesha kidogo na kuwaepusha na adhabu.

Kisha kuna tathmini, na hapa ndipo makocha wengi hukosea. Baada ya mazoezi au mechi, kila jaribio hutazamwa tena katika video na kupewa alama mbili tofauti: moja ya uamuzi, nyingine ya matokeo. Kwotabeki aliyesoma vyema, akarusha, na mpokeaji akaudondosha mpira, ameamua sawa. Aliyesoma vibaya lakini mkimbiaji akawaponyoka walinzi na kufunga, amekosea ingawa uwanja mzima unashangilia. Asipotenganisha mambo hayo mawili, kocha atamfunza kijana kubahatisha.

Walinzi nao hujibu

Hakuna mtego usio na mteguzi. Jibu la kwanza la ulinzi ni kumgawia kila mpokeaji mtu wake wa kumfuata. Mlinzi anayesomwa hubaki na kazi moja, na asiye na kazi mbili hawezi kunaswa kwa hila hii. Ndipo ushambulizi hulazimika kuwashinda walinzi mtu kwa mtu, ambako mwenye kasi na nguvu hurudi kuwa bora.

Jibu la pili ni kumdanganya msomaji. Lainibeka hupiga hatua mbele, kwotabeki anauchomoa mpira, kumbe mlinzi wa nyuma ameshateremka kuijaza nafasi ileile. Pasi nyingi zinazonyakuliwa katika mtindo huu hutokana na mtu ambaye kwotabeki hakumwona kwa kuwa hakupaswa kumtazama. Jibu la tatu ni kumshambulia kwotabeki mwenyewe kutoka pembeni ili asipate nafasi ya kuamua. Kocha anayependa mtindo huu sharti aupime pia kwa mapigo anayopata kijana wake.

Uzoefu uliopo nyumbani

Kusoma mtu si elimu ngeni kwetu. Katika raga ya wachezaji saba kila upande, ambayo Kenya imejipatia sifa kwayo, somo la msingi ni wawili dhidi ya mmoja. Mwenye mpira humkimbilia mlinzi moja kwa moja. Mlinzi akimfuata, mpira hupasiwa mwenzake. Akimwachia na kumfuata mwenzake, mwenye mpira hupenya. Timu ya Kenya chini ya marehemu kocha Benjamin Ayimba ilipoicharaza Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore, Aprili 17, 2016, ilionyesha namna wepesi na macho vinavyoweza kuwashinda mabingwa. Tofauti kubwa ni kwamba pasi ya raga hairuhusiwi kwenda mbele.

Mkenya aliyevuka kutoka raga hadi NFL ni Daniel Adongo, aliyesajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila ya kuwahi kucheza futiboli hiyo. Desemba mwaka huohuo alishuka uwanjani katika mechi ya ligi. Colts walimpa nafasi ya lainibeka wa nje, mmoja wa walinzi haohao ambao hiari ya kukimbia au kupasi huwawinda. Miaka kumi baadaye, 2023, NFL ilileta kambi yake ya vijana jijini Nairobi.

Visiwani Lamu, mfano ulio karibu zaidi uko baharini. Katika mashindano ya mashua, nahodha huusoma upepo na chombo cha mpinzani kabla ya kuamua kubisha. Akikawia, mkondo humsukuma. Akiharakisha, tanga humpotezea upepo. Foromali na tanga lazima vihamishwe upande wa pili wa mlingoti, na mabaharia wahamie joshini kukisawazisha chombo. Hata hivyo mabaharia husubiri neno la nahodha. Katika RPO hakuna neno linalotamkwa. Kila mtu hufanya kazi yake kana kwamba mpira unamjia, na hiyo ndiyo nidhamu iliyo ngumu kufunza.

Katika futiboli ya vitambaa, inayochezwa na watu watano kila upande, mambo hubadilika. Mlinzi humsimamisha mwenye mpira kwa kunyofoa kitambaa kiunoni mwake. Kila mchezaji aweza kupokea pasi, hivyo ile adhabu ya watu wa mbele haipo. Kwotabeki haruhusiwi kuvuka mstari wa kuanzia akiwa na mpira aliopewa na senta, lakini aweza kumkabidhi mwenzake akakimbia. Mlinzi ambaye hakusimama yadi 7 nyuma ya mstari haruhusiwi kuuvuka hadi mpira ukabidhiwe au urushwe. Mlinzi huyo ndiye wa kusomwa: je, anachungulia mbele kumsubiri mkimbiaji, au anarudi nyuma kumfuata mpokeaji?

Jambo moja ni la kukumbukwa na kila mwalimu. Karibu na mstari wa kufungia, na vilevile karibu na katikati ya uwanja, zipo yadi 5 ambamo mbio hazikubaliwi. Mlinzi anajua kuwa ni pasi tu, kazi mbili zimekuwa moja, na hiari hufa. Timu inayotegemea mtindo huu pekee itafika mlangoni mara nyingi na kushindwa kuingia. Ni lazima iwe na mipango mingine ya mahali hapo.

Kwa kuanzia, wachezaji watano, mpira mmoja na vipande vya kitambaa vyatosha: senta, kwotabeki, mkimbiaji, mpokeaji na mlinzi mmoja wa kusomwa. Maji yakishakupwa, ufuo wa Shela huacha mchanga mgumu na mpana wa kutosha. Msimu wa kusi, pasi ndefu hupeperushwa na upepo, kwa hivyo zirushwe zile fupi, ambazo ndizo mtindo huu huzitaka. Mlinzi abadilishwe kila baada ya majaribio kumi, ili kila kijana aonje ugumu wa kushika mbili kabla ya kufunzwa kumponyosha mwingine.